Shajara ya mradi wa goti: bamba la mfupa lililonenepa bila sababu

Wiki ya 1

Kibali cha kamati ya maadili kimetoka, mradi umeanza. Swali tunalolifuata ni la zamani na bado linabishaniwa: goti linapoanza kuchakaa, nani hutangulia, gegedu au mfupa uliolibeba?

Gegedu ni ule utando mweupe unaong'aa unaovika ncha za mifupa ndani ya kiungo. Sehemu yake kubwa ni maji, yaliyoshikiliwa na wavu wa nyuzi za kolajeni na molekuli za proteoglikani. Halina mshipa wa damu wala neva, ndiyo maana mtu hulipoteza kidogo kidogo kwa miaka bila kuhisi lolote. Maumivu yakija, yanatoka kwa majirani wake: mfupa, utando wa kiungo, mafuta yaliyo mbele ya goti. Mwanaanatomia William Hunter aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi, na mpaka leo madaktari hawana dawa ya kumpa mgonjwa ikalirudisha jinsi lilivyokuwa.

Watafiti Radin na Rose walitoa hoja mwaka 1986 kwamba mfupa ulio chini ya gegedu ukikakamaa, unaacha kupokea mshindo wa kila hatua, na mzigo wote unaliangukia gegedu. Hoja hiyo imenikaa moyoni tangu nikiwa mwanafunzi, na ningependa iwe kweli. Naliandika hili mapema ili anayefuatilia shajara hii ajue ninakoegemea.

Wiki ya 2

Mwanafunzi wangu wa uzamili kaniuliza, "Mwalimu, kwa nini tusitumie eksirei tu? Ni ya haraka na iko kila mahali." Swali zuri, na nilitumia karibu saa nzima kulijibu.

Eksirei haioni gegedu. Inachoona ni nafasi kati ya mfupa wa paja na muundi, na sisi tunadhania kwamba nafasi hiyo imejazwa na gegedu. Madaraja tunayotumia kupima ostioathritisi, yaani ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, kwa eksirei, 0 hadi 4, ni ya Kellgren na Lawrence, ya mwaka 1957, na yamedumu kwa sababu ni rahisi. Lakini nafasi ile inaweza kupungua kwa sababu menisko, kile kitakia kilicho kati ya mifupa miwili ya goti, imechomoka kidogo pembeni, na gegedu lenyewe liko salama.

DXA, kipimo kinachopitisha eksirei za nguvu mbili mwilini, inapima madini ya mfupa, ila inayapima kama kivuli: gramu kwa sentimita ya mraba. Mfupa mnene wa mtu mwenye umbo kubwa utaonekana una madini mengi kwa sababu tu mionzi imepita kwenye kina kirefu zaidi. Ile alama ya -2.5 (mikengeuko sanifu 2.5 chini ya wastani wa vijana wenye afya) ambayo Shirika la Afya Duniani liliiweka mwaka 1994 kuwa mpaka wa osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, inahusu hatari ya kuvunjika, hasa nyonga na uti wa mgongo. Tutampima DXA kila mshiriki, maana mtu mwenye mifupa iliyopungua madini na mwenye mifupa mizito hawawezi kuchanganywa kwenye kapu moja bila kujua. Lakini DXA haitajibu swali letu.

CT, yaani eksirei ya vipande vipande, ikiwa na fantomu ya hidroksiapataiti (kipande cha kulinganishia chenye madini kama ya mfupa) chini ya mguu, inatoa miligramu kwa sentimita ya ujazo, na hiyo ni namba ya kweli ya ujazo. Kuna pia CT ndogo ya mkono na mguu yenye vokseli (nukta za ujazo) za mikromita 61, inayoweza kuonyesha vijiti vya mfupa sponji ambavyo unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Imetengenezwa zaidi kwa ajili ya kifundo cha mkono na cha mguu, nasi hatuna.

Imebaki MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku na mawimbi ya redio. Sumaku yetu ni ya tesla 3. Gegedu linaonekana vizuri humo kwa sababu ya maji yake. Mfupa mgumu wenyewe unatoka mweusi, kwa sababu ishara ya maji machache yaliyofungwa ndani yake hufa kabla mashine haijaanza kusikiliza. Kwa hiyo bamba la mfupa lililo chini ya gegedu tutalipima kwa weusi wake: mstari mweusi uliobanwa kati ya gegedu na uboho. Uboho wa ncha za mifupa mirefu kwa mtu mzima ni wa njano, karibu wote ni mafuta, na mafuta yanang'aa. Mweusi katikati ya vyeupe viwili.

Tumekubaliana picha mbili kwa kila goti. Ya kwanza inaamsha maji peke yake na kuacha mafuta gizani, kwa ajili ya unene wa gegedu. Ya pili inaacha mafuta yang'ae, kwa ajili ya bamba.

Wiki ya 4

Kabla ya kumpima mgonjwa hata mmoja tunajipima sisi wenyewe. Watu 15, kila mmoja mara tatu, na kati ya kipimo na kipimo anashuka kitandani, anavaa viatu, anatembea hadi mlangoni, anarudi na kulazwa upya. Wenzetu wa DXA wana utaratibu huuhuu, na sababu ni moja: mashine ikipima kitu kilekile mara tatu haitoi namba ileile. Kutikisika huko tukikuzidisha kwa 2.77 tunapata badiliko dogo kabisa ambalo tunaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba limetokea kwa mtu huyo na si kwa mashine. (Hiyo 2.77 ni 1.96 mara kipeuo cha pili cha 2, kwa kuwa tunalinganisha vipimo viwili na kila kimoja kina kutikisika kwake.)

Tafiti kubwa za magoti yenye ostioathritisi zimeona gegedu likipungua kwa kama asilimia 1 hadi 2 kwa mwaka. Kwa gegedu la milimita 3 hiyo ni milimita 0.03 hadi 0.06. Pikseli yetu ina upana wa milimita 0.4. Tunatafuta kitu kidogo kuliko nukta ya picha yenyewe, na tunakipata tu kwa kuchukua wastani wa maelfu ya nukta kwenye uso mzima. Wastani huo unavumilia makosa yanayorukaruka huku na huku. Kosa linalovuta upande mmoja kila siku, wastani hauliondoi.

Jambo moja tumejifunza kwa vitendo: gegedu hukamuliwa. Mtu akitembea au akichuchumaa na kuinuka mara kadhaa, linakonda kwa muda, halafu linanyonya maji na kurudi taratibu. Kwa hiyo kila mshiriki atakaa kitini dakika 30 kabla ya kupimwa, miguu ikiwa imenyooshwa, hata kama amefika kwa gari.

Wiki ya 6

Wiki nzima ya kuchora mipaka. Programu yetu ya kuchora yenyewe, aina ya U-Net, mtandao wa neva wa kompyuta ambao muundo wake ulitoka mwaka 2015, inafanya sehemu kubwa ya kazi. Tumeifunza kwa picha za Osteoarthritis Initiative, ule mradi wa Marekani ulioandikisha watu 4,796 wenye umri wa miaka 45 hadi 79 na kufungua data yake kwa watafiti. Hata hivyo kila goti linapita mbele ya macho ya mtu.

Mahali pagumu ni pale gegedu la paja linapolala juu ya gegedu la muundi. Mbele na nyuma kuna ute wa kiungo na menisko nyeusi, mpaka unaonekana. Katikati, vyeupe viwili vinabusiana. Unakuza picha mpaka nukta zinakuwa kama vigae vya sakafu, unatafuta kigae kimoja chenye kijivu kidogo kuliko wenzake, unaweka kalamu hapo. Kigae cha kushoto kwake hakina tofauti. Unapanda kipande cha picha kinachofuata, unashuka, unarudi. Mwanafunzi na mimi tulichora goti hilohilo bila kuonana, tukapishana mahali hapo hapo na si pengine. Programu nayo inakosea hapo hapo, kwa sababu ilifundishwa na watu.

Tumeamua kwamba pale mpaka usipoonekana tutagawanya katikati, na tutaandika hivyo kwenye ripoti.

Wiki ya 9

Watu 14 wenye magoti mazima wamekamilika. Kuanzia Jumatatu tumeingia kwa wenye ostioathritisi ya mwanzo, daraja la 1 na la 2.

Badiliko dogo la utaratibu. Mshiriki wa kwanza, mama mwenye umri wa miaka 66, hakuweza kulala na goti limenyooka muda wote uliotakiwa. Alivumilia mpaka machozi yakamlenga, ndipo radiografa akasimamisha. Picha ya bamba ndiyo ndefu, na sehemu ya urefu wake ni kupima paja na shina la mguu vilivyo nje ya fremu ili visijikunje na kuingia kwenye picha. Radiografa amependekeza tugeuze mielekeo miwili ambayo mashine hutumia kujua mahali pa kila nukta: mwelekeo wa masafa, ambao ulikuwa mbele hadi nyuma, uwe juu hadi chini, na ule wa fezi uchukue nafasi yake, ili kazi hiyo ya ziada isihitajike. Tumepunguza dakika kadhaa. Mshipa mkubwa wa nyuma ya goti sasa unatupa vivuli vyake vya mapigo mbele, juu ya kiungo, lakini ukanda wa kuzima ishara ukiwekwa juu yake vivuli vinafifia. Picha inapendeza. Nimeidhinisha.

Wiki ya 10

Sumaku ilikuwa kwenye matengenezo. Hakuna kipimo.

Wiki ya 15

Naandika usiku, mikono inatetemeka kidogo.

Tuna magoti 11 ya ostioathritisi ya mwanzo. Unene wa gegedu lao bado unapishana kidogo sana na wa wazima, hata hatuwezi kusema chochote. Lakini bamba la mfupa la muundi ni nene kwa wote 11. Mstari mweusi mpana, uliokaza, chini ya gegedu ambalo bado ni zima. Mfupa umetangulia! Nimeitazama jedwali hilo mara nne. Nimemwita profesa wa mifupa, naye kainama juu ya skrini, kanyamaza, kisha kasema, "Hii ni skilerosisi, mfupa kunenepa na kukakamaa, na imekuja mapema kweli." Tumeanza kuandika muhtasari wa mkutano.

Yule mama wa miaka 66 alikuwa amekuja kuchukua majibu yake ya DXA. Akaniuliza, "Mwanangu, hicho cheusi ndicho kinachoniuma?" Nikamwambia kwamba huenda mfupa wake umeanza kukakamaa chini ya gegedu. Nilisema "huenda". Lakini nilisema.

Wiki ya 16, Jumanne

Leo tumempima mshiriki mwenye goti zima aliyechelewa, kijana wa miaka 24 ambaye alikosa nafasi wakati wa kundi la kwanza kwa sababu ya mitihani. Hajawahi kuumia goti. Mwanafunzi kaleta picha yake mezani bila kusema kitu, kaiweka mbele yangu, kasimama.

Bamba la muundi wake ni nene kama la yule mama.

Nilianza kutafuta sababu ndani ya kijana: labda anacheza mpira sana, labda uzito, labda kuna jeraha alilolisahau. Mwanafunzi alisubiri nimalize, kisha kasema kwa upole, "Mwalimu, tazama na paja." Nikatazama. Bamba la mfupa wa paja halipo. Gegedu linagusana na uboho moja kwa moja, kama vile hakuna mfupa kati yao. Tukafungua picha za wagonjwa wote 11. Kila muundi ulionenepa una paja lililokonda juu yake, na ukijumlisha mabamba mawili unapata kiasi kilekile cha wale wa mwanzo wenye magoti mazima.

Hakuna ugonjwa unaochota mfupa wa juu na kuuweka chini kwa hesabu iliyosawazishwa namna hiyo kwa watu 12.

Wiki ya 16, Jumatano

Tumefanya jaribio ambalo tungepaswa kulifanya wiki ya 9. Chupa nyembamba ya plastiki iliyojaa mafuta ya kupikia, imesimamishwa ndani ya beseni la maji, ikaingizwa kwenye koili ya goti, kile kifaa kinachozunguka goti na kupokea ishara. Picha ya bamba ileile, mipangilio ileile.

Maji na mafuta, yote yana haidrojeni, lakini haidrojeni ya mafuta inazunguka polepole kidogo, kwa sehemu 3.5 hivi kwa milioni. Kwenye tesla 3 tofauti hiyo ni kama hezi 440. Mashine inajua mahali pa kitu kwenye mwelekeo wa masafa kwa kusikiliza masafa yake. Haina njia ya kujua kwamba mafuta yana sauti nzito kwa asili yao. Inadhani yako mahali pengine, na huko ndiko inakoyachora. Sisi tumeipa hezi 220 kwa kila pikseli. 440 gawa kwa 220 ni pikseli 2. Pikseli 2 ni milimita 0.8.

Na ndivyo ilivyotoka. Duara la mafuta limesogea chini ndani ya beseni. Upande wa juu wa chupa limebaki hilali jeusi, mahali ambapo mafuta yalipaswa kuwa na hayapo. Upande wa chini kuna hilali ing'aayo, mahali ambapo mafuta yameangukia juu ya maji na ishara mbili zimejumlishana. Radiografa akageuza upande wa mwinuko wa kusomea, yaani mteremko wa sumaku unaotofautisha masafa ya mahali na mahali, tukarudia. Hilali nyeusi ikahamia chini, nyeupe ikapanda juu. Tulisimama watatu mbele ya skrini. Hakuna aliyehitaji maelezo.

Sasa weka goti mahali pa beseni. Kwenye paja, uboho uko juu na gegedu chini. Mafuta yakishuka milimita 0.8 yanalifunika bamba, nalo linatoweka. Kwenye muundi, gegedu liko juu na uboho chini. Mafuta yakishuka yanaondoka kwenye bamba, yanaacha nyuma yake pengo jeusi, na pengo hilo jicho linalisoma kuwa ni mfupa. Skilerosisi yetu yote ilikuwa ni mafuta yaliyosogea.

Picha ya gegedu haikuonyesha chochote kwa sababu humo mafuta yamezimwa. Vivuli vya mshipa, ambavyo vingetukumbusha kila siku kwamba mielekeo imegeuzwa, tulivifuta wenyewe kwa ule ukanda. Na wazima wote 14 walipimwa kabla ya badiliko, wagonjwa wote 11 baada yake. Laiti tungewachanganya tangu mwanzo, mmoja mzima mmoja mgonjwa, kosa lingejionyesha wiki ileile. Nimelikubali badiliko kwa huruma ya mama aliyekuwa anaumia, na huruma hiyo siijutii. Ninachojutia ni kwamba kipimo kilipobadilika sikumrudisha hata mmoja wa wale 15 kukipima upya.

Wiki ya 17

Muhtasari wa mkutano umeondolewa. Nimemwandikia profesa wa mifupa maelezo yote pamoja na picha za beseni. Akanipigia simu: "Afadhali limeonekana kabla halijachapishwa." Hakuongeza neno.

Nimempigia na yule mama. Hilo ndilo lililonichukua muda kujiandaa. Nimemweleza kwamba nilichomwambia kuhusu mfupa wake kilitokana na kosa la picha, kwamba majibu yake ya DXA hayahusiki na yako sawasawa, na kwamba tungependa kumpima upya iwapo atakubali. Kanyamaza kidogo. "Kwa hiyo mfupa haujakakamaa?" Nikamjibu kwamba picha ile haiwezi kusema hivyo wala vinginevyo. "Basi nitakuja," kasema, "ila safari hii niwekeeni mto chini ya goti."

Wiki ya 18 hadi ya 22

Tumejadiliana njia tatu. Ya kwanza ni kuzima mafuta kwenye picha ya bamba pia, lakini uboho ukiwa mweusi bamba jeusi halionekani. Ya pili ni kupanua hezi kwa pikseli. Tukizifanya 440, mafuta yanasogea pikseli 1 tu, ila tunapoteza karibu asilimia 30 ya ubora wa ishara juu ya kelele. Ya tatu ni kurudisha mwelekeo wa masafa mbele hadi nyuma. Hapo kosa halifi, linahama: uso wa juu wa muundi, ambao umelala karibu bapa, unasalimika, lakini kilegesambwa na nyuma ya vifundo vya paja vinaumia.

Tumechanganya ya pili na ya tatu, na tumeondoa kilegesambwa kwenye uchambuzi wa bamba kabisa. Muda umerudi kuwa mrefu, kwa hiyo picha imegawanywa vipande viwili na mapumziko katikati. Na mto upo. Radiografa kautengeneza kwa sponji, kaukata kwa kisu mpaka goti likakaa limekunjwa kidogo ndani ya koili bila kutikisika, kisha kaandika kwa kalamu ya wino mzito upande upi ni juu. Tangu uwepo, picha zilizoharibika kwa mtu kujitikisa zimepungua kuliko wakati wowote wa mradi. Jambo rahisi kiasi hicho lingetuepusha na yote haya.

Kati ya wagonjwa 11 wamerudi 9. Wale 15 wa kujipima wamerudi 13. Safari hii orodha imechanganywa.

Wiki ya 23

Mwanafunzi ameandika programu ndogo ambayo nadhani ndiyo kazi bora ya mradi huu mpaka sasa. Kila faili ya DICOM (muundo wa faili za picha za hospitali) inayoingia inasomwa lebo zake kabla ya picha kufunguliwa. Lebo (0018,1312) inasema mwelekeo wa fezi ni wa safu au wa nguzo, na (0018,0095) inasema hezi kwa pikseli. Zikitofautiana na zilizosajiliwa, faili inakataliwa na sote watatu tunapata ujumbe. Lebo ile ya kwanza haisemi upande, yaani kama mafuta yatasogea juu au chini, kwa hiyo tunapima chupa ya mafuta ndani ya beseni kila Jumatatu asubuhi na programu inatafuta yenyewe hilali nyeusi iko wapi.

Habari zote hizi zilikuwa ndani ya faili tangu wiki ya 9. Hatukuzisoma.

Wiki ya 25

Tumeanza ramani za T2 za gegedu. T2 ni muda ambao ishara huchukua kufifia, na hurefuka maji yanapolegea kwa sababu wavu wa kolajeni umeanza kuharibika. Uzuri wake ni kwamba huenda ukabadilika kabla gegedu halijakonda.

Nimekwenda polepole kuliko kawaida yangu. Nyuzi za kolajeni husimama wima karibu na mfupa, zikapinda katikati, zikalala juu ya uso, na zikiwa kwenye pembe ya digrii 55 hivi na sumaku kuu, T2 hurefuka bila ugonjwa wowote. Kifundo cha paja ni duara, kwa hiyo lazima kuwe na sehemu yake inayopita kwenye pembe hiyo. Mwanafunzi aliponionyesha madoa mekundu mawili, moja mbele na moja nyuma ya kifundo, swali langu la kwanza lilikuwa je, wazima nao wanayo. Wanayo, wote, mahali palepale. Tunalinganisha kila sehemu na sehemu kama hiyo ya mtu mwenye goti zima, na hatulinganishi sehemu na jirani yake.

Wiki ya 27

Namba za bamba zimetoka. Kati ya wazima na wagonjwa imebaki tofauti ndogo, na iko ndani ya kutikisika kwa kipimo chetu kipya. Kwa hiyo kwa sasa hatuna la kusema juu ya nani ametangulia. Bado naipenda hoja ya mwaka 1986. Kwa watu 9 siwezi kuitetea wala kuiangusha, na swali la nani katangulia haliwezi kujibiwa kwa kupima mara moja hata kama wangekuwa 900. Linahitaji watu walewale warudi baada ya mwaka.

Yule mama alikuja jana kupimwa T2. Alipomaliza dakika zake 30 za kitini aliomba aone picha zake. Nimemwekea mbili sambamba, ya kwanza na ya marudio. Kaweka kidole kwenye mstari mweusi mpana wa kwanza, kakivuta polepole hadi kwenye mwembamba wa pili, kauliza kama ni goti lake hilohilo. Nimemwambia ni lilelile. Kisha nimemwonyesha ile picha ya beseni na chupa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii nimemweleza mtu asiye wa fani yetu jinsi mafuta yanavyosogea, na kaelewa kabla sijamaliza.

Miadi yake ya mwaka ujao imeandikwa. Mto wake tumeutia alama na kuuhifadhi kabatini, ili goti likae pembe ileile.